Vitambaa Saba vya Mwaitu

Wageni wanaokuja kwangu Syokimau huniuliza, kwa upole wa watu walioshiba chai, mbona makochi yangu yako uchi. Huwa nacheka, nasema vitambaa vinaniletea kazi ya bure. Uongo mtupu. Sipendi kitambaa cha kochi, basi, na kama si heshima ningewaambia wasiniulize tena. Mtu wa rika langu aliyekulia huku kwetu anajua ninachozungumzia: vile vitambaa vyeupe vilivyotariziwa kwa uzi wa rangi, vya kufunika mgongo wa kochi na mikono yake, vikapigwa wanga hadi vikakauka kama karatasi. Kila nyumba iliyojiheshimu ilikuwa navyo. Yetu ilikuwa navyo saba.

Mwezi uliopita Mama alikuja kukaa nami baada ya kupasuliwa jicho. Alikuja na kiondo kimoja na mfuko wa gunia ulioshonwa mdomo kwa uzi wa katani. Siku ya pili nilikuwa natafuta dawa yake ya matone, nikaikosa kwenye kiondo, nikafumua ule mfuko. Harufu ilinifikia kabla macho hayajaona kitu. Sabuni ya kipande, kutu ya sanduku la bati, na chini yake kitu kingine kikavu, kama chaki. Bluu ya kufulia. Nilikaa pale pale sakafuni. Nilikuwa na miaka tisa tena, mikono yangu ina rangi hadi viwiko, nangoja mtu mzima mmoja aseme ukweli.

Vitambaa vile alivitarizi mama yake Mama, bibi yangu wa Kithyoko, ambaye sikuwahi kumwona. Kila kimoja kilikuwa na njiwa wawili wanaotazamana, na chini yao maneno ya uzi mwekundu: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Cha saba alikishona macho yakiwa yameanza kumtupa, kwa hivyo njiwa mmoja alikuwa na miguu mitatu. Mama alikipenda hicho kuliko vingine vyote. Alipoolewa Mwala alikuja navyo ndani ya kiondo, na mwaka uliofuata mama yake akafariki. Hakubakiwa na picha yake hata moja. Alibakiwa na njiwa kumi na wanne, na mguu mmoja wa ziada.

Na alibakiwa na mimi. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu, na anayepewa jina la mtu hubeba na heshima yake. Dada yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa shule ya bweni, aliitwa jina la Susu, bibi yetu mzaa baba tuliyeishi kwake. Mimi nilipofuata nikaitwa Mutindi, jina la yule wa Kithyoko. Kwa sababu hiyo Mama hakuniita Mutindi. Aliniita Mwaitu, yaani mama yangu. Aliita akiwa jikoni, akiwa shambani, akiwa na furaha na akiwa amechoka. "Mwaitu!" Nami nilikuwa nimefundishwa jibu, tangu sijajua kufunga viatu: "Ii, mwana wakwa." Naam, mwanangu. Mtoto wa miaka tisa akimwita mamake mwanangu! Wageni walicheka, Mama hakucheka sana. Kuna siku alikuwa anakuja kukaa karibu nami bila sababu, ananiangalia vile ninavyoosha vyombo, halafu anaenda zake.

Sasa lazima niseme habari ya maji, maana bila hiyo hutaelewa. Mwala mvua ikikataa, maji ya kuchimba kwenye mchanga wa mto yanakuwa na chumvi, sabuni haitoi povu, nguo inatoka ngumu. Maji matamu yaliletwa na punda, mitungi kwenye mkokoteni, siku mbili kwa wiki. Kwa hivyo maji ya karai moja yalifua nyumba nzima, kwa utaratibu wake. Nguo nyeupe kwanza. Halafu za shule. Halafu za rangi. Za shamba mwisho. Yakishakuwa meusi kabisa yanapiga sakafu deki, na tone la mwisho linamwagiwa mpapai. Hakuna aliyekaa chini kutufundisha. Ulijua tu, kama unavyojua kutoingia kwa jirani watu wakila. Kuweka cha rangi kabla ya cheupe lilikuwa kosa la mtu aliyelelewa vibaya.

Ile wiki ninayokumbuka ilikuwa ya kumngojea bwana wa Anti Ndunge. Anti Ndunge alikuwa dada mdogo wa Baba, kitinda mimba wa Susu, na alikuwa rafiki yangu wa kwanza duniani. Baba alikuwa kazini kiwandani Athi River, tulimwona mwisho wa mwezi. Mama alikuwa na kazi zake zisizoisha. Anti ndiye aliyenisuka nywele nikiwa katikati ya magoti yake, akanifundisha kupiga mluzi hadi Susu akatufukuza jikoni, na usiku nililala kitandani mwake. Alinipa siri kana kwamba mimi ni mtu mzima. Kabla hata Susu hajajua kuna bwana, mimi nilijua ana pengo, na kwamba akicheka analificha kwa mkono. "Hii ni yetu wawili, sawa rafiki?" alikuwa akisema. Ningekufa kabla sijaitoa.

Jumamosi ndiyo watu wa bwana wangeleta ntheo, mbuzi watatu wa kuonyesha kwamba msichana ameposwa na asiulizwe na mwingine. Nyumba ilipakwa upya. Makochi yalikung'utwa. Bwana alikuwa ametuma nguo kutoka mjini, gauni jekundu bado lina mikunjo ya dukani, na Susu akaliweka juu ya kabati akasema lisivaliwe hadi siku yenyewe. Alhamisi Anti akalivaa. Alienda nalo sokoni kuwaringia wasichana wenzake, leso juu yake, akarudi na doa la mchuzi pajani. Hilo nalo nilikuwa nalijua. Lilikuwa letu wawili.

Ijumaa punda alileta mitungi miwili tu. Mama alimimina mmoja kwenye karai na wa pili akauweka jikoni wa kupikia wageni. Kisha akajitwisha gunia la mahindi, mkanda kwenye paji la uso, akaniinamia.

"Mwaitu, hii maji ni ya vitambaa peke yake. Umenisikia?"

"Ii, mwana wakwa."

"Loweka tu. Usisugue, nitasugua mwenyewe nikitoka kisiagi. Na usiache kuku ikunywe."

Akaenda kusaga. Mama alikuwa haruhusu mtu kusugua wale njiwa. Aliwasugua kwa kidole gumba, polepole, uzi kwa uzi.

Vumbi lake halijatulia njiani Anti akatokea na gauni limekunjwa kwapani. "Mutindi, rafiki yangu, niokoe. Nikiacha hii doa mpaka kesho, Susu ataniua mbele ya wageni."

"Mama amesema maji ni ya vitambaa."

"Si nitachovya tu? Hapa kidogo. Natoa."

Alichovya pale pajani. Doa likatoka, lakini pakabaki duara la maji, na lile duara likamtisha kuliko doa. Akasema nguo ikilowa yote haitaonyesha duara. Akaizamisha yote. Nililitazama gauni lile jipya likitoa rangi kama linapumua, na maji yakawa kama yale ya kuoshea nyama. Anti akalikamua haraka, akaenda kulianika kwenye waya nyuma ya jikoni, akarudi akijipangusa mikono kwenye leso.

"Imekuwa nyekundu," nikasema.

"Ni kidogo. Sabuni itaikula. Weka vitambaa, mama yako akirudi apate vimelowa."

"Si tumwage?"

"Umwage maji? Na uambie mama yako nini?"

Hapo alinishinda. Kumwaga maji matamu kwetu ilikuwa ni kitu mtu anafanya akiwa na wazimu. Niliviweka kimoja kimoja, kwa mikono yangu hii. Cha miguu mitatu nikakiweka cha mwisho, juu ya vyote, ili kisiguse chini. Na nilipoinua uso nikamwona Susu. Alikuwa ameketi kivulini kwenye ghala anasuka kiondo, hatua kama kumi kutoka kwetu, na alikuwa ameacha kusuka. Alikuwa ametuona tangu mwanzo. Nawaambieni, nilifarijika. Wakati huo niliamini kwamba jambo likionwa na mtu mzima limeshaandikwa mahali, haliwezi kupotea.

Vilipotoka vilikuwa vya waridi. Si sana, labda Mama angevisugua na kuvianika juani mara tatu vikarudi. Hilo nalijua leo. Lakini Anti alishika kichwa, akaingia ndani, akatoka na pakiti nzima ya bluu. Kwa kawaida Mama alikuwa akifunga kipande kidogo tu kwenye kitambaa, anakizungusha mara mbili kwenye maji ya mwisho, anakitoa. Anti alinimwagia pakiti yote mkononi.

"Bluu inarudisha weupe. Si unaona mama yako akitia? Tia yote, ponda vizuri."

"Na wewe?"

"Naenda kupiga pasi. Harakisha, rafiki."

Niliponda. Nilichanganya kwa mikono yote miwili nikisali, kwa kweli nikisali, ile sala ya chakula maana ndiyo niliyoijua yote. Na vitambaa vikageuka rangi ya ulimi wa mtoto aliyekula zambarau. Tena si sawasawa, kwa mabaka. Njiwa hawakuonekana tena isipokuwa ukiinamia karibu.

Hivyo ndivyo Mama alivyonikuta. Aliweka gunia chini, kope zake zimejaa unga, akatazama karai. Mimi sikuogopa bado. Nilimngoja Anti atoke. Nilijua atatoka, atasema, "Ni mimi, Mama Mutindi, nisamehe," na Mama atalia kidogo, na mambo yatakwisha. Alitoka kweli. Alisimama mlangoni.

"Woi! Mutindi!" akapiga makofi ya mshangao. "Umefanya nini? Si nilikuambia usiweke sweta yako na vitambaa? Si nilikuambia?"

Sweta yangu ya shule ilikuwa nyekundu iliyokolea. Ilikuwa imening'inia kwenye mlango wa jikoni, kavu. Nilimtazama Anti usoni nikitafuta kama anatania. Watu wakubwa hutania hivyo, halafu wanacheka. Hakucheka. Aliendelea kuniambia jinsi alivyoniambia.

"Mwaitu," Mama akasema, sauti ya chini. "Ni wewe?"

Kulikuwa na siri yetu wawili, na kulikuwa na Mama. Nilichagua Mama. Nikasema yote kwa pumzi moja: gauni, doa, duara, bluu. Nikasema gauni liko kwenye waya nyuma ya jikoni, aende aone. Nikasema Susu ameona, ulizeni Susu.

Susu alivuta uzi wa kiondo kwa meno, akaukata. "Mtoto akianza kusingizia wakubwa," akasema, "amefunzwa na nani?" Alisema hayo akimwangalia Mama, si mimi. Kisha akaendelea kusuka.

Mama alienda nyuma ya jikoni. Alikaa kule muda mrefu kuliko unaohitajika kutazama waya. Aliporudi hakuwa na gauni mkononi, na nikajua Anti alikuwa ameshaliondoa. Alikuja moja kwa moja hadi nilipo akanipiga kofi. Hakuwa amewahi kunipiga, hata siku moja. Dada yangu alipigwa, mimi sikupigwa. Mtu hampigi mamake. Nilianguka kwa mshangao zaidi ya nguvu ya kofi, na mkono wangu wa bluu ukaacha alama kwenye sketi yake nilipojishikilia.

"Usiwahi kudanganya katika hii boma," akasema. Halafu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu: "Mutindi."

Sikulia mbele yao. Nilienda kwenye mpapai nikalia huko hadi nikatapika uji. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilijifunza methali ile kabla hatujafundishwa darasani. Siku ile nilihesabu wasaliti wawili. Anti, aliyesema uongo. Na Susu, aliyeuona ukweli akaukata kwa meno pamoja na uzi.

Jumamosi makochi yalifunikwa leso za Susu. Mbuzi watatu walikuja, wawili weusi na mmoja wa madoa, wakafungwa kwenye mpapai wangu. Wanawake walipiga vigelegele. Anti alitoka ndani na gauni jekundu, limekauka, limepigwa pasi, na bwana akacheka akaficha pengo. Mimi niliambiwa nikae jikoni nichochee moto. Mchana Anti aliingia akanipa paja la kuku kwenye sahani ya udongo, akachuchumaa mbele yangu kama zamani.

"Rafiki, usinikasirikie. Wangesema nini? Bibi arusi mzembe, hajui hata kufua? Wewe ni mtoto. Ya mtoto yanasahaulika."

Nilikula lile paja. Natamani kuwaambia nilimrudishia, lakini nilikuwa na njaa na lilikuwa paja. Nililila lote, na nikajichukia kwa kila tonge, na hata leo sijui kama nilijisamehe.

Jambo moja ndilo lililoniuma kushinda kofi. Mama hakuniita Mwaitu tena. Nilingoja Jumapili, nikangoja Jumatatu. "Mutindi, lete kuni." "Mutindi, kuku." Jina langu, ndiyo, lakini mdomoni mwake lilikuwa kama la mtoto wa jirani. Na akili ya mtoto ilivyo, nikatengeneza maelezo. Niliamua kwamba bibi wa Kithyoko amekasirika kwa sababu ya njiwa wake, amenivua jina lake, na Mama ameambiwa. Watu wazima huambiwa vitu na wafu, niliamini hivyo. Kwa hivyo nikaanza kumwomba msamaha. Nilikuwa nikienda nyuma ya jikoni, pale chini ya waya, naongea na bibi ambaye sikumjua hata sura. Nilimwambia sikutaka. Nilimwahidi nitashona wengine. Niliiba sindano ya Susu nikajaribu njiwa kwenye kipande cha gunia. Nilimtengeneza na miguu mitatu, makusudi, ili amtambue. Nikamweka chini ya mto wa Mama. Hakuna aliyesema kitu kuhusu njiwa huyo, na sikuitwa Mwaitu.

Mwaka uliofuata nikapelekwa bweni na mimi. Vitambaa vilikuwa vimeingia kwenye sanduku la bati na havikutoka. Anti aliolewa Kithimani, akapata duka na watoto wanne, na kila Krismasi alikuja na mkungu wa ndizi, akanikumbatia kwa nguvu, akasema nimekua. Yale hakuyataja kamwe. Kwenye mazishi ya Susu alilia begani mwangu hadi blauzi ikalowa, nami nilisimama kama mlingoti. Watu walisema nina moyo mgumu. Acha waseme.

Basi nilikuwa nimekaa sakafuni Syokimau na mfuko mapajani. Vilikuwa vyote saba, vimekunjwa vizuri. Zambarau ilikuwa imefifia ikawa kijivujivu. Mama aliingia akipapasa ukuta, kitambaa cha hospitali jichoni, akasimama.

"Umepata," akasema. "Nilikuletea. Makochi yako yako uchi, hata mimi kipofu naona."

"Hivi? Nilivyoviharibu?"

Nilisema kwa sauti ambayo sijivunii. Miaka mingapi, na sauti ilikuwa ya yule mtoto.

Mama alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. "Si wewe uliharibu," akasema.

Nilikikunja tena kitambaa kilichokuwa juu.

"Ulijua lini?"

"Siku ile. Nilienda nyuma ya jikoni, nikapata mchanga chini ya waya umelowa. Matone nyekundu, imepangana vile nguo ilikuwa imening'inia. Na ile sweta yako, mimi ndiye nilikuwa naifua kila Jumamosi. Haikuwa inatoa rangi. Nguo mpya ndiyo hutoa rangi, mtu yeyote anajua."

"Ulijua," nikasema. "Ukatoka hapo ukanipiga."

"Nilikupiga."

"Kwa nini?"

Alikunja mikono yake mapajani. Mikono ya Mama imezeeka kuliko uso wake.

"Ningempiga nani, Mutindi? Boma ilikuwa ya Susu wako. Msichana alikuwa wake. Hao mbuzi walikuwa wanakuja kwake. Baba yako hayuko. Niseme binti yao ni mwongo, siku moja kabla ya ntheo, mimi mtu wa Kithyoko? Wangenirudisha kwetu, na kwetu hakukuwa na mtu. Susu wako alikuwa ananiangalia aone nitafanya nini. Hapo kwa hiyo boma nilikuwa na kitu gani changu? Nilikuwa na wewe tu. Wewe ndiye ningeweza kupiga na hakuna mtu angeniuliza."

Nilitaka kumwambia kwamba naelewa. Mimi ni mtu mzima, nimeolewa, nimekaa kwa mama mkwe, najua macho yale. Na naelewa, kweli, kila neno. Lakini kuelewa hakukufika pale palipokuwa panauma. Miaka yote hiyo nilimchukia Anti, nikamnunia Susu hadi kaburini, na Mama nikamwonea huruma. Nilimhurumia! Nilidhani sote wawili tulidanganywa pamoja. Kumbe msaliti wa tatu alikuwa yeye, na wa tatu ndiye aliyekuwa na ukweli mkononi, umelowa, mwekundu, na akachagua.

"Na jina?" nikauliza. "Hata jina ulininyang'anya. Nilidhani bibi amenikataa. Nilikuwa namwomba msamaha nyuma ya jikoni, Mama. Mtu aliyekufa. Mimi mtoto."

"Nilikusikia," akasema.

"Ulinisikia!"

"Nilikuwa nasikia nikiwa jikoni. Na ile gunia uliweka chini ya mto, niliona." Akaanza kulia kwa jicho moja, lile lingine limefungwa. "Haikuwa bibi amekukataa. Ni mimi nilikuwa naona haya. Nilikuwa nimempiga mama yangu ili nikae mahali. Ningekuita hivyo tena na mdomo gani?"

Sikumkumbatia. Najua mnangoja niseme nilimkumbatia. Nilienda nikaleta dawa yake, ilikuwa mfukoni mwa koti lake muda wote, nikamtia matone matatu, nikampangusa shavu. Kisha nikachukua vitambaa nikaenda navyo bafuni, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda.

Kwangu maji yanatoka kwenye bomba. Nilijaza beseni nikamwaga, nikajaza tena nikamwaga, matamu kabisa, nikayaacha yaende kwenye shimo na hakuna aliyenizuia. Nilivisugua kwa kidole gumba, uzi kwa uzi. Rangi haikutoka. Nilijua haitatoka. Lakini kwenye kile cha saba, nilipokiinua kwenye mwanga wa dirisha, njiwa alionekana, na ndani ya pindo lake palikuwa na kipande cha gunia kimeshonewa kwa nyuma, kidogo kama kiganja cha mtoto. Kilikuwa na njiwa wangu, wa miguu mitatu, na mishono yangu ile mibaya. Ile ya kukishikilia pale ilikuwa ya Mama.

Niliketi ukingoni mwa bafu nacho mkononi, maji yananichuruzikia gotini.

Ndipo nikasikia sauti sebuleni. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ya mtu anayejaribu mlango ambao hajui kama umefungwa.

"Mwaitu?"

Maneno yale, mwana wakwa, yalikuja yenyewe hadi ulimini. Yalikuwa bado yapo, mazima, yanangoja tangu siku ile ya mitungi miwili. Nilikamua kitambaa. Nikakikung'uta, nikakitundika juu ya mlango, njiwa wakitazama ndani.

"Naja, Mama," nikajibu.

Najua alikuwa anangoja jibu lile lingine, kwa sababu hakuita tena.